Benaya Mwana wa Yehoyada na Kiti cha Sulemani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapofika 1 Wafalme sura ya kwanza na ya pili katika darasa letu la Biblia, mikono inayoinuliwa huwa mingi kuliko siku nyingine zote. Daudi watu wanamjua, Sulemani wanamjua, Nathani na Bathsheba nao si wageni. Lakini yule mtu anayetumwa, akaenda, akarudi, akatumwa tena, wengi humpita bila kumtazama usoni. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi pamoja na majibu ninayoyatoa. Majina nimeyaandika kama yalivyo katika Biblia ya Union. Mwenye Habari Njema atamkuta Sulemani akiitwa Solomoni, na mtu ni yule yule.

Benaya ni nani hasa?

Ni mwana wa Yehoyada, mzaliwa wa Kabseeli, mji uliokuwa kusini kabisa mwa Yuda, kuelekea mpaka wa Edomu (Yoshua 15:21). Jina lake maana yake ni "Bwana amejenga". Alikuwa mmoja wa mashujaa wa Daudi, na heshima yake iliwapita wale thelathini, ingawa hakuwafikia wale watatu wa kwanza. Daudi alimweka kuwa mkuu wa walinzi wake (2 Samweli 23:23).

Ukisoma orodha za maofisa wa Daudi utaona jambo ambalo baadaye litakuwa na uzito mkubwa. Katika 2 Samweli 8 na tena katika sura ya 20, Yoabu yuko juu ya jeshi, na Benaya yuko juu ya Wakerethi na Wapelethi. Majina mawili, nyadhifa mbili, miaka mingi. Hakuna mahali tunaposoma kwamba waligombana. Lakini siku Daudi alipokuwa hoi kitandani, kila mmoja wao alisimama upande wake.

Ni kweli alimuua simba siku ya theluji?

Ndivyo ilivyoandikwa, na ni mstari mmoja tu: alishuka, akamuua simba ndani ya shimo, wakati wa theluji. Theluji huanguka mara mojamoja katika milima ya Yuda hata leo. Mashimo ya nchi ile mengi yalichimbwa kwenye mwamba ili kukinga maji ya mvua, mdomo mwembamba na tumbo pana. Sasa mfikirie mtu anayesimama ukingoni, jiwe linateleza, chini kuna giza na mnyama anayenguruma. Angeweza kuondoka zake. Angeweza kumrushia mawe kutoka juu. Neno linalonigusa mimi ni lile fupi kuliko yote: *alishuka*.

Habari ya pili ni ya Mmisri. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema urefu wake ulikuwa dhiraa tano, yaani mita 2 na robo hivi, na mkuki wake ulikuwa kama mti wa mfumaji (1 Mambo ya Nyakati 11:23). Benaya alimwendea na fimbo. Akampokonya mkuki, akamuua kwa mkuki wake mwenyewe. Msomaji makini atamkumbuka kijana wa Bethlehemu aliyemkata Goliathi kichwa kwa upanga wa Goliathi.

Habari ya tatu, ya Wamoabu wawili, ina utata wa tafsiri. Union inawaita wana wawili wa Arieli. Matoleo mengine yanaona ni mashujaa wawili wakali kama simba. Maana ya jumla haibadiliki: walikuwa watu wa kuogopwa, naye aliwashinda.

Wakerethi na Wapelethi ni watu gani? Mbona hawafanani na Waisraeli?

Kwa sababu hawakuwa Waisraeli. Wakerethi wanatajwa pamoja na Wafilisti katika 1 Samweli 30, Ezekieli 25 na Sefania 2. Walikuwa askari wa mfalme mwenyewe, si wa kabila lolote. Hili ndilo jambo la kushika ukitaka kuelewa siku ile ya Gihoni, Sulemani alipotiwa mafuta.

Jeshi la Israeli lilikuwa la wananchi. Baragumu hupigwa, watu wanaacha mashamba na mifugo, wanakusanyika kwa makabila yao. Hulihitaji kila siku. Unalihitaji siku ya vita, na linachukua muda kukusanyika. Walinzi wa mfalme ni kitu kingine. Wao wako langoni usiku na mchana, wanakula kwa mfalme, na hawana mjomba wala shemeji katika Yuda wa kuwavuta upande huu au ule. Absalomu alipoasi na nchi karibu yote ikamfuata, Wakerethi, Wapelethi na Wagathi mia sita walipita mbele ya Daudi wakitoka naye Yerusalemu (2 Samweli 15:18). Daudi alikuwa anakimbia, nao walitembea upande wake. Mkuu wao alikuwa Benaya.

Adonia alikosa nini? Si ndiye aliyekuwa mkubwa?

Swali hili huulizwa na watu wa familia kubwa, na ni la haki. Adonia alikuwa mwana wa nne wa Daudi. Amnoni aliuawa, Absalomu aliuawa, na Kileabu hasikiki tena baada ya orodha ya kuzaliwa. Kwa hesabu ya umri, kiti kilimwangukia Adonia, na yeye mwenyewe baadaye alimwambia Bathsheba kwamba Israeli wote walikuwa wamemwelekezea nyuso zao.

Lakini katika Israeli hapakuwa bado na sheria kwamba mzaliwa wa kwanza ndiye mrithi wa kiti. Sauli hakurithi kwa mtu, na Daudi mwenyewe alikuwa kitinda mimba aliyetolewa machungani. Zaidi ya hayo, Daudi alikuwa amemwapia Bathsheba kwamba Sulemani ndiye atakayetawala. Kosa la Adonia ni kujitawaza baba yake akiwa hai. Alijiwekea magari na wapanda farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake, akafanya karamu kwenye jiwe la Zohelethi karibu na En-rogeli, akawaalika ndugu zake wote na watumishi wa mfalme watu wa Yuda.

Mwandishi anaongeza kauli moja inayouma kwa mzazi yeyote: baba yake hakuwahi hata siku moja kumwuliza, "Mbona umefanya hivi?"

Tazama pia nani hakualikwa. Nathani nabii, Benaya, mashujaa, na Sulemani ndugu yake (1 Wafalme 1:10). Adonia hakusahau. Alijua kabisa ni mlango gani hautafunguka hata akibisha, ndiyo maana hakubisha.

Kwa nini Yoabu alimfuata Adonia, na Benaya hakumfuata?

Biblia haitoi sababu ya Yoabu, inasema tu kwamba alimwelekea Adonia ingawa hakuwahi kumwelekea Absalomu. Maisha yake hata hivyo yanasema mengi. Yoabu alikuwa mpwa wa Daudi, mwana wa Seruya. Kwa miaka yote alimtumikia mfalme kwa namna yake: aliamua yeye mwenyewe lipi lina faida kwa mfalme, akalitenda, kisha mfalme akabaki na maiti ya kuzika na jina la kusafisha. Abneri, aliyekuwa jemadari wa Sauli, alikuwa amekwisha kupatana na Daudi. Yoabu alimvuta pembeni langoni Hebroni kana kwamba ana neno la siri naye, akamchoma tumboni. Amasa alipewa ujemadari. Yoabu alimshika ndevu kwa mkono wa kuume ili ambusu, na upanga ukiwa mkono wa pili. Daudi aliagiza mbele ya jeshi lote kwamba Absalomu atendewe kwa upole. Yoabu alichukua vijiti vitatu vyenye ncha akamchoma akiwa ananing'inia kwenye mwaloni.

Kwa hiyo siku ya Adonia, Yoabu alifanya tena alichozoea. Aliamua yeye nani awe mfalme.

Benaya hatumwoni popote akifanya hivyo. Ana panga nyingi zaidi karibu na kitanda cha mfalme kuliko mtu yeyote Yerusalemu, na mfalme ni mzee asiyepata joto hata akifunikwa nguo. Mtu wa tamaa angeiona nafasi yake hapo. Yeye alingoja neno. Ninaposoma sura hizi mbili nadhani hii ndiyo siri yake yote, na nitairudia nikifika kwa Yoabu madhabahuni.

Je, Benaya alishiriki mpango wa Nathani na Bathsheba?

Andiko halimtaji katika mazungumzo yale. Nathani anamwendea Bathsheba, Bathsheba anaingia kwa mfalme, Nathani anaingia nyuma yake kumthibitishia maneno. Benaya anaitwa baadaye, Daudi akiisha kuamua: "Niitieni Sadoki kuhani, na Nathani nabii, na Benaya mwana wa Yehoyada." Kuhani, nabii, askari. Mafuta, neno, na upanga. Mmoja wao akikosekana shughuli ile isingesimama.

Siku ya Gihoni alifanya nini hasa?

Daudi aliagiza Sulemani apandishwe nyumbu wa mfalme mwenyewe, ateremshwe mpaka Gihoni, atiwe mafuta, baragumu ipigwe, na watu waseme, "Mfalme Sulemani na aishi." Gihoni ni chemchemi iliyo bondeni Kidroni, chini ya mji wa Daudi, na ndiyo iliyonywesha Yerusalemu. Mahali pa watu wengi, wenye madumu na mitungi kama tungesema leo. En-rogeli, Adonia alikokuwa akila karamu, iko kusini zaidi katika bonde lile lile, na umbali haufiki kilomita moja.

Mstari wa 38 unasema walioteremka ni Sadoki, Nathani, Benaya, Wakerethi na Wapelethi. Jitie mahali pa mwanamke aliyekuja kuteka maji asubuhi ile. Kwanza anasikia vishindo. Kisha anamwona nyumbu ambaye mji mzima unamjua kuwa ni wa mfalme, na juu yake kijana. Kushoto na kulia, askari wageni wenye silaha, wale ambao hawaondoki langoni bila mfalme kusema. Hata kabla ya pembe ya mafuta kufunguliwa, amekwisha kuelewa amri hii imetoka kwa nani.

Watu wakapiga zumari, wakafurahi furaha kubwa hata nchi ikapasuka kwa sauti zao. Kule karamuni Yoabu aliisikia baragumu. Masikio ya jemadari huyo mzee yalikuwa mepesi kuliko ya wenzake. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini mji una ghasia. Yonathani mwana wa Abiathari, kuhani aliyekuwa upande wa Adonia, akaja mbio na habari, na alipozisimulia aliwataja kwa majina: Sadoki, Nathani, Benaya, Wakerethi, Wapelethi. Wageni wakatetemeka, wakainuka, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyemuaga mwenyeji. Adonia akakimbilia pembe za madhabahu.

Siku nzima haikumwagika damu hata tone. Kiti cha Israeli kilibadilisha mtu huku wapinzani wakiwa na jemadari, kuhani na wana wa mfalme, na hakuna aliyechomoa upanga, kwa sababu waliokuwa na panga karibu walikuwa upande mmoja na mkuu wao hakuyumba.

Ile "Amina" yake ina uzito gani?

Mkubwa. Katika watatu walioitwa kwa Daudi, ni Benaya peke yake ambaye jibu lake limeandikwa (1 Wafalme 1:36-37). Kuhani hasemi, nabii hasemi. Askari ndiye anayesema "Amina", kisha anaomba Bwana awe pamoja na Sulemani kama alivyokuwa pamoja na Daudi, na akikuze kiti chake kuliko kiti cha Daudi.

Hebu fikiri: anamwambia mzee aliyelala kitandani, ana kwa ana, kwamba mwanawe na awe mkubwa kuliko yeye. Kwa wafalme wengi neno hilo ni hatari. Sauli alitaka kumwua Daudi kwa sababu ya wimbo wa wanawake uliolinganisha maelfu na makumi elfu. Daudi hakukasirika. Baadaye kidogo watumishi wa mfalme walikuja kumbariki kwa maneno karibu yale yale, naye akasujudu kitandani.

Kabla ya kufa, Daudi aliagiza nani auawe?

Hapa pasomwe kwa makini, kwa maana watu huchanganya. Wosia wa Daudi katika sura ya pili unataja watu wawili wa kuadhibiwa: Yoabu, kwa damu ya Abneri na Amasa, na Shimei mwana wa Gera, Mbenyamini wa Bahurimu, aliyemlaani Daudi laana kali siku ya kukimbia. Wana wa Barzilai Mgileadi waliagiziwa wema, wale mezani pa mfalme.

Adonia hayumo. Kifo chake ni uamuzi wa Sulemani. Mwanzoni Sulemani alimwachia kwa sharti: akionekana mtu mwema, hata unywele wake hautaanguka chini. Kisha Adonia akamtumia Bathsheba kumwombea Abishagi Mshunami, msichana aliyemtunza Daudi uzeeni, awe mke wake. Msomaji wa leo huona ni ombi la ndoa. Kwa watu wa wakati ule, kumchukua mwanamke wa nyumba ya mfalme kulikuwa kudai ufalme. Absalomu aliingia kwa masuria wa baba yake juu ya dari machoni pa Israeli wote, na Ishboshethi mwana wa Sauli alimkasirikia Abneri kwa ajili ya Rispa, suria wa Sauli. Sulemani akamjibu mama yake kwa ukali kwamba amwombee na ufalme pia. Siku ile ile akamtuma Benaya, na Adonia akafa.

Mimi sioni raha katika mistari hiyo, na sidhani tunatakiwa kuiona. Ni ndugu na ndugu.

Yoabu aliuawa akiwa ameshika madhabahu. Je, Benaya hakumkosea Mungu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndipo ninapomwona Benaya vizuri kuliko mahali pengine popote.

Yoabu alisikia habari za Adonia na za Abiathari kufukuzwa kwenda Anathothi. Akakimbilia Hema ya Bwana, akashika pembe za madhabahu. Pembe hizo ni ncha nne zilizoinuka kwenye kona za madhabahu, na damu ya sadaka ya dhambi ilipakwa hapo. Mzee huyu, mwenye vita vya miaka 40 mwilini, amezing'ang'ania kwa mikono miwili.

Sulemani akamtuma Benaya: nenda ukampige. Amri iko wazi. Benaya akaenda hadi hemani, akamwambia mfalme anasema, Toka. Yoabu akajibu kwamba hatoki, atafia pale pale.

Hapo Benaya akageuka, akarudi kwa mfalme.

Simama kidogo katika mstari huo wa 30. Alikuwa na amri. Alikuwa na upanga. Aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyeshika cheo ambacho kesho kitakuwa chake. Yoabu angekuwa mahali pa Benaya, kwa jinsi tunavyomjua, mambo yangekwisha kabla mtu hajamaliza sentensi, na maelezo yangefuata. Benaya aliona jambo jipya limetokea, la madhabahu na patakatifu, ambalo amri ya kwanza haikulisema, akakataa kuliamua kwa upanga wake. Akamletea mfalme neno kama lilivyo: amesema hivi, amenijibu hivi.

Mfalme akasema, mfanyie kama alivyosema, ukampige, ukamzike. Akaeleza na sababu: damu ya watu wawili wenye haki, walio wema kuliko yeye, iliyomwagwa Daudi asijue. Sheria ya Musa ilikuwa wazi kwamba aliyemuua mwenzake kwa hila ataondolewa hata madhabahuni ili afe (Kutoka 21:14). Pembe za madhabahu zilikuwa kimbilio la aliyeua bila kukusudia, na Abneri na Amasa hawakuuawa kwa bahati mbaya. Ndipo Benaya akapanda, akampiga. Yoabu akazikwa nyumbani kwake nyikani. Mazishi yalikuwa sehemu ya amri, nayo ilitimizwa.

Wako wanaosema kwamba madhabahu yangeheshimiwa zaidi kama angengojewa nje. Nawaelewa. Lakini tukimhukumu Benaya, tumhukumu kwa alichofanya: kati ya watu wote wa sura hii, yeye ndiye aliyesita mbele ya mahali patakatifu na kutaka kuagizwa upya.

Na Shimei?

Sulemani alimpa nafasi: ajenge nyumba Yerusalemu, akae humo, na siku atakayovuka kijito cha Kidroni atakufa. Shimei akakubali, akakaa siku nyingi. Baada ya miaka mitatu watumwa wake wawili wakatorokea kwa Akishi mfalme wa Gathi. Akatandika punda, akawafuata, akarudi nao. Mfalme akaambiwa, akamwita, akamkumbusha kiapo chake, akamwamuru Benaya. Mara tu baada ya hapo sura inafungwa kwa maneno kwamba ufalme ulithibitika mkononi mwa Sulemani.

Basi si ni mnyongaji wa mfalme tu?

Wanafunzi vijana husema hivyo, na sipendi kuwazima. Watu watatu walikufa kwa mkono wake katika sura moja, na Biblia haituambii moyo wake ulisema nini usiku ule. Ningesema tu tusome sura ya pili pamoja na ya kwanza na pamoja na 2 Samweli 15. Mtu huyu alikuwa pale Daudi alipotembea miguu mitupu akipanda Mizeituni, wakati kuwa upande wa Daudi hakukuwa na faida yoyote. Na cheo cha Yoabu alikipata baada ya kazi. Hakuna mstari unaoonyesha akikitafuta.

Alikuwa askari au kuhani?

1 Mambo ya Nyakati 27:5 inamtaja baba yake, Yehoyada, kuwa kuhani, na Benaya kuwa jemadari wa zamu ya mwezi wa tatu, mwenye watu 24,000. Kwa hiyo huenda alitoka ukoo wa makuhani akashika silaha. Usimchanganye na Benaya Mpirathoni, naye shujaa katika wale thelathini, wala na Benaya kuhani aliyepiga tarumbeta mbele ya sanduku la agano.

Anatajwa nje ya Biblia?

Katika Qur'ani Tukufu, Sura An-Naml inasema Suleiman alimrithi Daudi (27:16), lakini Benaya hatajwi. Katika Talmudi ya Wayahudi yumo, na kwa heshima: kuna kisa ambacho Sulemani anamtuma kumkamata Ashmedai, mfalme wa mashetani, kwa mnyororo wenye jina la Mungu. Hata huko kazi yake ni kutumwa.

Nchini Uingereza, wimbo mmoja umeimbwa katika kila kutawazwa tangu 1727, ukisimulia Sadoki kuhani na Nathani nabii walivyomtia Sulemani mafuta. Kila ninapousikia huwa nasikitika kidogo. Benaya aliteremka Gihoni pamoja nao, lakini kwenye wimbo hayumo.

Wasomi wanasemaje kuhusu ukweli wa habari hizi?

Mwaka 1926 msomi Mjerumani Leonhard Rost alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya 2 Samweli, kuanzia sura ya 9, pamoja na 1 Wafalme 1 na 2, ni simulizi moja kuhusu nani atakaa kwenye kiti cha Daudi. Tangu hapo wapo wanaosema iliandikwa kumtetea Sulemani, na wapo wanaoona inamkosoa chini kwa chini, maana haifichi damu. Jiwe la Tel Dan, lililogunduliwa 1993, lina maneno "Nyumba ya Daudi", na ni la karne ya 9 kabla ya Kristo. Matukio yenyewe kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 970 kabla ya Kristo.

Kwangu mimi, kutokuficha huko ndiko kunakonifanya niiamini. Aliyetaka kumpamba tu Sulemani angeliacha hema na pembe nje ya simulizi.

Nikitaka kumsoma Benaya mwanzo hadi mwisho, nianzie wapi?

Anza na 2 Samweli 23:20-23, ile ya simba. Rudi nyuma 2 Samweli 15 uwatazame walinzi wakipita mbele ya Daudi, na sura ya 20 wakimfuatia Sheba aliyemwasi Daudi. Kisha 1 Wafalme 1 na 2 kwa mkao mmoja, na ukifika 2:28-34 punguza mwendo. Malizia na 1 Wafalme 4, kwenye orodha ya maofisa wa Sulemani. Baada ya waandishi na mtunza kumbukumbu, kabla ya makuhani, utamkuta: Benaya mwana wa Yehoyada, juu ya jeshi. Hatajwi tena katika kitabu hicho. Mwanawe, Amizabadi, utamkuta katika 1 Mambo ya Nyakati 27:6, akiwa katika zamu ya baba yake.